Mimba za ng'ombe hazitupwi na jicho la jirani

Ng'ombe wa maziwa akirudi kwenye joto mara tatu baada ya kupandishwa, au akitupa mimba changa, lawama hugawiwa upesi: jirani ana husuda, mhimilishaji kachelewa, maziwa mengi yamekausha kizazi. Muuza mizizi naye hakosi, na chupa yake ya "kusafisha tumbo" haiuzwi kwa bei ya chini. Vya kuchunguzwa kwanza ni lishe, brusela na joto lililopita bila kuonekana. Lakini kipo chanzo ambacho wafugaji wengi hawakihesabu kabisa, nacho huingia zizini kupitia mrija wa mbegu ya dume bora.

Dume mmoja anatosha kuthibitisha hilo. Pawnee Farm Arlinda Chief, Holstein wa Marekani aliyezaliwa 1962, aliacha mabinti wapatao 16,000 wenye maziwa ya kutajika. Aliacha pia nakala mbovu ya jeni iitwayo APAF1, inayosaidia kuondoa seli zisizohitajika wakati kijusi kinajengeka. Nakala moja nzima yatosha, ndiyo maana Chief na watoto wake hawakuonyesha dalili yoyote. Balaa husubiri mpaka mbebaji apandishwe na mbebaji: kwa wastani mimba moja kati ya nne hupata nakala mbovu pande zote mbili, na kijusi hufia tumboni. Kwa kuwa mbegu za ukoo huo zilisambaa duniani, wajukuu na vitukuu walizidi kukutana, na kila mfugaji alidhani mkosi ni wake peke yake. Kilichofichua siri hiyo ni hesabu, si upasuaji. Mwaka 2011 Paul VanRaden na wenzake wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipekua vinasaba vya Holstein zaidi ya 58,000 wakitafuta vipande vya kromosomu vilivyoenea, lakini ambavyo havionekani maradufu kwa mnyama yeyote aliye hai. Kwa kipande walichokiita HH1, ambacho ndicho kinachobeba kasoro ya Chief, wenye nakala mbili walitarajiwa kuwapo. Hakupatikana hata mmoja, kwa sababu hawakuwa wakizaliwa. Baadaye ilikadiriwa kwamba kasoro hiyo ilitupa mimba 525,000 katika miaka 35.

Wapo watakaosema uzazi haurithiwi, kwani urithi huchangia asilimia 4 hivi tu ya tofauti za ushikaji mimba. Asilimia hiyo husomwa vibaya. Maana yake ni kwamba ng'ombe mmoja mmoja hatabiriki, kwa kuwa matunzo hufunika vinasaba; ukichukua wastani wa maelfu ya mabinti wa dume, tofauti hujitokeza waziwazi. Marekani ilipoanza mwaka 2003 kupima madume kwa ushikaji mimba wa mabinti zao, anguko la ushikaji mimba lililodumu miongo kadhaa lilianza kugeuka. Hata lile la maziwa mengi lina chembe ya ukweli: waliochagua maziwa pekee walikuwa wakipunguza rutuba bila kujua. Wala hakuna haja ya kuchinja ukoo wa Chief, ambao faida ya maziwa yake imekadiriwa kufikia dola bilioni 30.

Andika jina la dume kwenye kadi ya kila mtamba. Ukikuta HH1C, yaani mbebaji wa HH1, kwenye katalogi ya madume, na baba wa ng'ombe wako ni mbebaji au hajulikani, omba mrija mwingine. Chupa ya mizizi haiungi jeni iliyokatika.