Asilimia ya nini?

Risiti ni ya mashine ya EFD, kutoka duka la vifaa vya umeme. Jumla shilingi 11,800, VAT shilingi 1,800. Mstari wa bei kabla ya kodi mwalimu ameuziba kwa selotepu nyeusi. Kazi anayowapa darasa la sita, katika shule moja ya msingi Mbagala, ni fupi: hakikisheni kama kodi hii kweli ni asilimia 18.

Madaftari yakainamiwa. Haikuchukua muda, kila dawati likawa na jibu moja: 2,124. "Mwalimu, serikali imepunjwa!" akapaza sauti mvulana wa nyuma.

Mwalimu hakumsahihisha. Aliandika ubaoni "Asilimia ya nini?" akakaa kimya. Binti mmoja akajaribu 10,000, akapata 1,800, akafuta, akakokotoa upya, akapata ileile. Ndipo selotepu ikabanduliwa.

Risiti ile haijanitoka akilini, maana watoto wale kukokotoa wanajua. Hakuna aliyekosea kuzidisha wala kugawa. Walichukua asilimia 18 ya fedha ambayo tayari ilikuwa na kodi ndani yake.

"Kanuni wanayo," mwalimu aliniambia. "Ila wameizoea kwenye kitabu cha Hisabati tu. Kwenye Sayansi nikiwaambia maharage saba kati ya kumi yameota, nataka asilimia, wananiambia hiki si kipindi cha hesabu." Yeye hufundisha masomo yote mawili, basi swali lake hulibeba kila anakoingia. Hata sensa huiingiza. "Mwaka 2012 tulikuwa milioni 44.9, mwaka 2022 milioni 61.7. Walioongezeka ni milioni 16.8. Kwa idadi ya zamani hiyo ni asilimia 37, kwa idadi mpya ni 27. Watu ni walewale! Mtoto asiyejua aanzie wapi atasomaje gazeti?"

Swali hilo linatugusa kwanza sisi tunaoandika magazeti.

Lakini mtihani wa darasa la saba hupima kila somo peke yake. Pale ambapo Hisabati na Maarifa ya Jamii zina walimu tofauti, nani atatoa dakika zake kuuliza "asilimia ya nini?" Nilimuuliza mwalimu wa Maarifa ya Jamii wa shuleni hapo: mwanafunzi akigawa kwa idadi isiyo yake, humsimamisha? Alifikiri kidogo, akasema mara nyingi huacha, kwa kuwa mada zilizobaki ni nyingi na mtihani wa mwezi wa tisa uko karibu.