Kutu ya Chasisi na Umri wa Pikapu Kigoma

Pikapu zinazobeba dagaa na migebuka kutoka mwalo wa Kibirizi, mawese kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika na chumvi kutoka Uvinza hupimwa afya zaidi kwa sauti ya injini na rangi ya moshi. Kipimo hicho kina msingi wake, lakini hakitoshi. Gari lililopita kilomita laki tatu huweza kufunguliwa injini, likabadilishiwa ringi na beringi, likaendelea na kazi kwa miaka. Lakini chasisi, yaani fremu ya mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba injini, kabini na bodi ya mizigo, ikishaliwa na kutu, gari hilo limekwisha, hata kama injini yake bado inanguruma vizuri.

Uimara wa injini zenyewe si wa kudharauliwa. Ile ya 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuiweka katika Land Cruiser mwaka 1990, ina silinda sita na ujazo wa takriban lita 4.2, haina tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya silinda, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kimakanika bila kompyuta, kwa hiyo fundi wa gereji ya Mwanga au Ujiji anaweza kutambua hitilafu zake nyingi kwa macho, masikio na spana. Inachodai ni mambo machache yasiyoahirishwa: oili ibadilishwe kila baada ya kilomita 5,000 hivi katika barabara za vumbi, maji yaondolewe katika chujio la dizeli, na mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi, kwani ukikatika valvu hugongana na pistoni. Desturi ya kung'oa themostati, kifaa kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, inafaa ikomeshwe kabisa, kwa sababu injini isiyo nayo huchelewa kupata moto, hula dizeli zaidi na kusagika mapema, huku chanzo halisi cha kuchemka, ambacho mara nyingi ni rejeta iliyoziba, kikibaki palepale.

Kutu huhitaji chuma, hewa na maji, na chumvi huiharakisha kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, jambo linalorahisisha mmenyuko wa kikemikali unaokila chuma. Kigoma haikosi hata kimoja: mvua za miezi mingi, udongo unaojipenyeza ndani ya mihimili na kushikilia unyevu, maji yanayochuruzika kutoka katika matenga ya samaki, na punje za chumvi zinazodondokea kwenye maungio ya bodi. Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, tatizo hili lilifika mahakamani, na mwaka 2016 Toyota ilikubali, ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na wamiliki, kukagua chasisi za pikapu zake za Tacoma na Tundra na kuzibadilisha pale zilipokuwa zimeoza.

Kwamba chuma kilichofunikwa vizuri hustahimili hata maji, Ziwa Tanganyika lenyewe lina ushahidi. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi mwezi Julai 1916, wahandisi walizipaka injini zake grisi nzito kwanza; Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo inayofaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hata hivyo, kupaka chasisi oili chafu, kama wafanyavyo wengi, si badala ya grisi wala rangi, kwa kuwa oili hiyo hulainisha na kuharibu bushi za mpira, kisha mvua huiteremsha ziwani, ambako maji hupungua zaidi kwa mvuke kuliko kwa kutoka kupitia mto Lukuga, na uchafu ulioingia hukaa muda mrefu mno. Kwa sababu hiyo hiyo gari halifai kuoshewa ufukweni. Lioshwe mbali na maji, chini kabla ya juu, kila linaposhusha chumvi au samaki, na matundu ya kutolea maji katika mihimili yazibuliwe kwa waya. Sehemu ya kukaguliwa kwanza ni ile iliyo juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikizo vya springi, ambako tope hujikusanya: chuma kizima kikigongwa kwa nyundo ndogo hulia, kilicholiwa hutoa mlio uliokufa. Kutu ya juu juu husuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuizuia, lakini palipotoboka, fundi wa kuchomelea hana budi kukata mpaka afikie chuma kizima ndipo aunge kipande kipya chenye unene uleule, kwa maana kiraka kilichowekwa juu ya kutu hukatika pembeni mwa weldi, mara nyingi gari likiwa limebeba mzigo.