Damu katika choo cha mtoto mchanga: kabla ya kumwachisha ziwa

Kuna swali ambalo wamama vijana hapa Likasi wanawauliza wauguzi walio katika makanisa yetu, mara nyingi kwa sauti ya chini, ibada ikiisha. Mtoto ana miezi miwili. Ananyonya tu, hajapewa hata maji, na kilo zinapanda. Lakini katika choo chake kunaonekana ute na nyuzi za damu. Jioni analia sana. Jirani amesema ni mzio wa maziwa, yaani alerji. Bibi amesema maziwa ya mama yenyewe ndiyo yameharibika. Kabla wiki haijaisha, kopo la maziwa ya unga limekwisha kununuliwa.

Tunaandika kwa sababu ya kopo hilo.

Mzio wa maziwa kwa mtoto anayenyonya upo kweli, si maneno ya mtaani. Mama akinywa chai ya maziwa, sehemu ndogo sana ya protini ya ng'ombe inapita tumboni mwake, inaingia katika damu, na kutoka hapo inafika katika ziwa. Watoto wengi hawasikii kitu. Wachache miili yao inaipokea protini hiyo kama adui, na utumbo unavimba na kutoa damu kidogo. Mara nyingi inaanza kati ya mwezi wa kwanza na wa nne. Kwa hiyo anachokataa mtoto si maziwa ya mama yake. Ni ya ng'ombe, yaliyopitia kwa mama.

Sasa tufikirie kopo. Karibu maziwa yote ya unga ya watoto yanayouzwa madukani kwetu yanatengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe. Mtoto aliyesumbuliwa na tone dogo anapewa chupa nzima ya kitu kilekile. Maziwa ya mbuzi, ambayo wengine wanashauri, hayasaidii, kwa maana protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Ongeza maji yasiyochemshwa, chupa isiyosafishwa vizuri, na unga unaopunguzwa ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto aliyekuwa na tatizo dogo anaingia katika kuhara na utapiamlo. Na ziwa lisiponyonywa linakauka, hata mama akitubu haraka si rahisi kulirudisha.

Huko Denmark, katika mji wa Odense, madaktari waliwafuatilia watoto 1749 waliozaliwa mwaka 1985, na wakatoa matokeo yao mwaka 1988. Watoto 39 walionekana kuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe. Kati yao, 9 tu waliupata wakiwa wananyonya mama peke yake, yaani karibu mtoto 1 kwa 200. Madaktari wakarudi kwenye vitabu vya wodi ya uzazi, wakakuta kwamba wote 9 walikuwa wamepewa maziwa ya kopo katika siku 3 za kwanza za maisha. Watoto wengine wengi walipewa vilevile na hawakuugua, basi hatuwezi kusema kopo peke yake linaleta mzio. Lakini ni vema mama anayekwenda kujifungua aseme mapema kwamba mtoto wake asipewe chupa bila sababu ya kiganga.

Karibu mtoto 1 kwa 200, na hiyo ni Ulaya ambako maziwa yanakunywewa kila siku. Kwa hiyo tusikimbilie jina la mzio. Kilio cha jioni peke yake si dalili yake: watoto wazima wa afya wanalia zaidi na zaidi mpaka karibu wiki ya 6, kisha wanapunguza wenyewe kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Damu nayo ina sababu nyingine. Chuchu za mama zikipasuka, mtoto anameza damu ya mama na kuitoa. Na kuna hatari ambazo hazingojei: homa, mtoto kukataa kunyonya au kulegea, kuhara, damu nyingi, kutapika majani, tumbo gumu, au mtoto anayelia kwa nguvu, ananyamaza akiwa amepauka, kisha analia tena. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Vilevile aliyevimba midomo, aliyetokwa na mabaka mwilini au anayepumua kwa shida muda mfupi baada ya kupewa maziwa. Maombi yafanyike njiani.

Kosa jingine tunalisikia hata kwa watu waliosoma: kuchanganya mzio na laktosi. Laktosi ni sukari ya maziwa. Watu wazima wengi katika Afrika hawaisagi vizuri, ndiyo maana mjomba akinywa kikombe cha maziwa tumbo linanguruma. Lakini maziwa ya mama yana laktosi karibu gramu 7 katika mililita 100, mama ale nini au asile, na mtoto mchanga ameumbwa kuitumia. Huwezi kuiondoa kwa kubadilisha chakula cha mama, na hakuna haja.

Basi ikiwa muuguzi amemwona mtoto, amempima, na mtoto anakua vizuri lakini damu kidogo inarudi, jaribio linafanyika katika sufuria ya mama. Kipimo cha damu mara nyingi hakionyeshi kitu kwa mzio wa aina hii. Mama anaacha kila chenye maziwa kwa wiki 2, hata 4, na anaendelea kunyonyesha kama kawaida. Kwetu Likasi si kazi ngumu sana, maana maziwa mabichi ni haba na tunayotumia mengi ni ya unga. Ndugu zetu wa Kivu, wenye maziwa ya mgando na jibini ya Masisi mezani, watasikia uzito zaidi. Penye hila ni maziwa yaliyojificha: biskuti, keki, siagi, majarini nyingine, hata uji ambao shangazi ameutia maziwa ili mzazi apate nguvu. Someni karatasi ya kopo: lait, lactosérum, caséine, beurre. Vitu vinavyopita Kasumbalesa vimeandikwa Kiingereza. Hapo tafuteni milk, whey na casein.

Mama asilale njaa. Ndakala wanaoliwa na mifupa yao, lengalenga, sombe, maharagi na karanga vinampa sehemu kubwa ya kile alichokuwa anapata katika maziwa. Tumeona wamama wakikatazwa leo maziwa, kesho mayai, kesho kutwa samaki, mpaka wanabaki na bukari na chumvi. Hilo ni kumwadhibu mama. Watoto wengine wanaosumbuliwa na maziwa wanasumbuliwa na soya pia, lakini mama asiiache mpaka muuguzi amwambie.

Wababa, jambo hili ni lenu pia. Hana alipobaki nyumbani kumnyonyesha Samweli, badala ya kupanda Shilo pamoja na jamaa yote, Elkana alimkubalia. Mwanamke anayeambiwa kila siku kwamba maziwa yake ni mabaya, au kwamba yameharibika kwa sababu ya dhambi yake au ya mume, anahitaji mtu wa nyumbani wa kusema hapana. Wamama wa Kipendano wanaomtembelea mzazi wanaweza kulisema pia, na kuacha maziwa ya unga waliyozoea kuyaleta kama zawadi, wakaleta ndakala.

Damu ikiisha, kazi haijamalizika. Mama anarudia kunywa maziwa kwa wiki moja. Watu wanaogopa hatua hii, lakini bila hiyo hamtajua kama ni chakula au ni siku tu zilizopita, maana damu ya namna hii mara nyingi inakoma yenyewe. Ikirudi, mama aache maziwa tena. Isiporudi, anywe chai yake kwa amani. Na kama wiki 4 zimepita bila badiliko lolote, maziwa hayakuwa na hatia: arudi kwa muuguzi, watafute sababu nyingine.

Mtoto aliyethibitishwa anaanza kula akiwa na miezi 6 kama wenzake, ila chakula chake hakitiwi maziwa. Siku ya CPS mkumbushe muuguzi, ili akifikia karibu mwaka mmoja ajaribiwe tena, akianza na kipande kidogo cha biskuti yenye maziwa. Wengi wanakunywa maziwa bila shida kabla ya miaka 3. Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi, jaribio lake lifanyike hospitalini, si nyumbani.