Je, kisima chako kina uchafu wa choo?
Msomaji, maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na uchafu wa choo cha shimo kilicho karibu. Wataalamu hupima mwendo wa uchafu huo kwa kutia ardhini chumvi au rangi isiyodhuru, kisha kuhesabu muda hadi ionekane kisimani. Mchanga laini huchuja viini vingi. Mawe ya matumbawe ya Mombasa, yenye nyufa, huvipitisha upesi.

Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi na mkojo. Ikipita miligramu 50 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, damu ya mtoto mchanga yaweza kushindwa kubeba oksijeni. Usimkorogee maziwa kwa maji hayo kabla ya kuyapima maabarani.