Mtaka Rekodi Sharti Ainame

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya mwalimu wa hisabati aliyenyonga baiskeli huku amekishika kidevu chake kwa mkono.

Jina lake Michael Broadwith, mtu wa Uingereza. Juni 2018 aliondoka Land's End, pale nchi inapoishia baharini upande wa kusini-magharibi, akaelekea John o' Groats, kule juu kabisa Uskoti. Ni mwendo wa kama kilomita 1,350. Rekodi aliyoikuta ilikuwa ya Gethin Butler, iliyowekwa mwaka 2001: saa 44, dakika 4 na sekunde 20. Atakaye kuivunja rekodi ya namna hiyo hana usiku wa kulala. Hula akiwa juu ya baiskeli, hunywa akiwa juu ya baiskeli, na jua likizama huwasha taa akaendelea.

Alipokuwa Uskoti, safari ikikaribia mwisho, shingo yake ikagoma. Misuli ilichoka hata haikuweza tena kubeba kichwa. Kichwa kikaning'inia, asione barabara. Basi mkono mmoja akauacha kwenye usukani, wa pili akautia chini ya kidevu, akajiinua kichwa mwenyewe. Akaenda hivyo hivyo mpaka akafika, kwa saa 43, dakika 25 na sekunde 13. Rekodi ya miaka 17 ilivunjika kwa dakika 39 tu.

Sasa mniulize: babu, baiskeli huendeshwa kwa miguu. Iweje shingo ndiyo ishindwe?

Jibu ni hewa. Hatuioni, lakini ipo, na ina uzito. Chukua sinia la bibi, toka nalo nje siku ya upepo, ulielekeze upeponi kwa uso wake wote. Utasukumwa nyuma. Sasa ligeuze, ukingo wake ndio utangulie. Upepo unapita, hauna habari nawe. Sinia ni lile lile. Kilichobadilika ni ukubwa wa mlango unaougonga hewani.

Mwili wa mpanda baiskeli ndio sinia lenyewe. Akikaa wima, kifua kinaikabili hewa chote. Kwa hiyo wavunja rekodi hulaza mgongo, hunyoosha mikono mbele pamoja, huvaa nguo za kubana zisizopepea. Lakini ukilala kifudifudi namna hiyo, utaionaje barabara? Lazima ukiinue kichwa. Kiinue usiku na mchana, siku mbili mfululizo, nawe utaelewa kwa nini shingo ya mwalimu ilikataa. Hiyo ndiyo bei aliyolipa ili hewa impishe.

Je, hewa inakula nguvu kiasi gani? Tupige hesabu, maana hata Broadwith tunayemsimulia ni mwalimu wa hesabu. Nguvu hupimwa kwa wati. Taa ya kizamani ya waya ilikuwa inakula wati 60 au 100. Chukua mtu ambaye, pamoja na baiskeli yake, ana kilo 80, kwenye barabara tambarare isiyo na upepo. Akienda kilomita 18 kwa saa, hewa inamdai takribani wati 22. Akiongeza mwendo mara mbili, afike kilomita 36 kwa saa, mtadhani deni litakuwa wati 44? Sivyo. Ni wati 180! Mwendo umezidi mara mbili, deni limezidi mara nane. Hewa humkinza mara nne zaidi, naye huikata mara mbili zaidi kwa kila sekunde. Nne mara mbili, nane. Ongeza wati kama 40 za matairi yanayosuguana na barabara, jumla ni 220.

Ndiyo maana mwenye nguvu nyingi hamwachi mbali mwenye nguvu za kadiri. Nguvu zake nyingi zinaliwa na hewa.

Mnataka ushahidi? Mwaka 1899, huko Long Island nchini Marekani, kijana Charles Murphy alitandikiwa mbao katikati ya reli, akapanda baiskeli nyuma ya gari moshi. Gari moshi lilipasua hewa mbele, yeye akajibanza kwenye kivuli chake. Alimaliza maili moja, yaani kilomita 1.6, kwa sekunde 57.8. Hiyo ni kama kilomita 100 kwa saa, kwa miguu ile ile ya binadamu. Msijaribu kamwe kulifuata lori hivyo: likifunga breki ghafla, hamtapata nafasi ya kusimama. Na kwa Broadwith msaada huo ulikatazwa. Sheria za rekodi za barabarani Uingereza haziruhusu kujificha nyuma ya gari wala nyuma ya mwenzako. Hewa ni yako peke yako.

Basi ukikatazwa kujificha, umebaki na rafiki mmoja wa halali: upepo.

Turudi kwa mtu wetu wa kilomita 36 kwa saa. Upepo wa kilomita 18 kwa saa ukimjia kwa nyuma, mwili wake unahisi hewa ya kilomita 18 tu. Deni lake lote linashuka kutoka wati 220 hadi kama 85. Upepo huo huo ukimjia usoni, ule ambao mabaharia wetu huuita wa omo, anahisi hewa ya kilomita 54 kwa saa, na deni linaruka hadi wati 445. Nguvu hiyo hata bingwa wa dunia ni taabu kuishika saa nzima, sembuse siku mbili.

Wazee wa pwani waliyajua haya kabla baiskeli haijazaliwa. Majahazi ya Oman yalikuja Zanzibar kwa kaskazi, yakarejea kwao kwa kusi. Nahodha hakushindana na upepo; aliungoja. Wapanda baiskeli wa Land's End nao wana msimu wao. Uingereza upepo huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo wengi huanzia kusini na kuelekea kaskazini. Huandaa wasaidizi na wapima saa, kisha huangalia utabiri wa hali ya hewa na kungoja siku ifaayo. Kungoja huko si uvivu, ni sehemu ya kazi.

Lakini angalieni: upepo humpa zawadi anayekwenda tu, asiyerudi. Tuseme unakwenda mji ulio umbali wa kilomita 60. Pasipo upepo unakwenda kilomita 30 kwa saa, kwenda na kurudi ni saa 4. Siku ya upepo unakwenda kwa 40, unarudi kwa 20. Wengi watasema ni sawa tu. Hesabuni: kwenda saa 1 na nusu, kurudi saa 3. Jumla saa 4 na nusu! Umepoteza nusu saa, kwa sababu muda wa kuteseka ni mrefu kuliko muda wa kufurahi. Kwa hiyo rekodi za baiskeli za kuzunguka uwanja hutafutwa ndani ya nyumba. Filippo Ganna wa Italia, Oktoba 2022, alikwenda kilomita 56.792 kwa saa moja katika uwanja uliofunikwa huko Grenchen, Uswisi. Pale hapakuwa na upepo wa kumpa wala wa kumnyang'anya.

Sasa nifunge hadithi kwa kijana mwingine. Mwaka 1886 G. P. Mills, mwenye umri wa miaka 19, alikwenda Land's End hadi John o' Groats juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, ameketi juu wima, kifua wazi kwa hewa. Alitumia siku 5, saa 1 na dakika 45. Broadwith alitumia chini ya siku mbili. Miguu ya binadamu haikubadilika katika miaka hiyo 132. Barabara ziliboreshwa, baiskeli zikawa nyepesi, na watu wakajifunza kuipisha hewa badala ya kupigana nayo.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho ukitumwa dukani kwa baiskeli na upepo ukakujia usoni, usikasirike wala usikanyage pedali kwa hasira. Inama, viwiko karibu na mwili, macho barabarani. Utauhisi upepo unakupita juu ya mgongo, na utajua mwenyewe kwamba nililosimulia ni kweli.