Goma: Katika sakoshi ya mpambaji wa nyumba, mita inatangulia rangi

Wakaaji wengi wa mji wa Goma wanapomwita mpambaji wa ndani ya nyumba, wanangojea awaonyeshe picha kwenye telefoni: saloni za kifahari, plafo zenye taa za kila rangi, rido zinazoshuka mpaka chini. Lakini mpambaji anayejua kazi yake haanzi na picha. Vitu vya kwanza vinavyotoka katika sakoshi yake ni mita, kreyo na daftari.

Sababu yake ni pesa. Katika mji ambamo benki zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wengi wanarekebisha nyumba kwa akiba waliyoweka kidogo kidogo, dola kwa dola. Mtu wa namna hiyo hawezi kununua vifaa mara mbili.

Wapambaji wengine wamesoma kazi hii shuleni, kwa mfano katika Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1943. Wengine wameanzia kwenye useremala, kushona rido au kupaka rangi. Njia ni tofauti, lakini vifaa vya kila siku ni karibu vilevile, na vingi havina bei kubwa.

Mita na hesabu ya karo

Mita ya chuma ya mita 5 inatosha kwa vyumba vingi. Kwa saloni kubwa, kanisa au duka, ile ya mita 8 ni bora. Siku hizi kuna pia kipimo cha laser, kinachopima ukuta mpaka ukuta kwa kubonyeza mara moja. Ni chepesi, lakini betri inaisha, na nje kwenye jua kali nukta yake nyekundu haionekani vizuri. Kwa hiyo mita ya chuma haiachwi nyumbani.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba anasema saloni yake ni mita 4 kwa 5, maana aliipima kwa hatua za miguu. Hiyo ni mita za mraba 20. Mtu anaongeza asilimia 10 kwa ajili ya karo zitakazokatwa na zitakazovunjika, anafika 22. Kwa karo za sentimita 60 kwa 60, ambazo mara nyingi hukaa nne katika karto moja, yaani mita za mraba 1,44, atanunua karto 16.

Mita inapopita, saloni inaonekana kuwa na mita 4,30 kwa 5,40, yaani zaidi ya mita za mraba 23. Zilihitajika karto 18. Zile 16 hazitoshi hata kufunika chini bila kukata moja. Akirudi dukani, anaweza kukuta karo za jina lilelile lakini zilizotengenezwa siku nyingine, na rangi yake imepishana kidogo. Katikati ya saloni, tofauti hiyo inaonekana kila siku. Ndiyo maana mpambaji makini husoma pia namba ya utengenezaji iliyoandikwa kwenye kila karto kabla ya kulipa.

Mbao nazo zina kipimo chake. Tripleksi ya kawaida ina sentimita 122 kwa 244. Mtu anayechora kabati bila kukumbuka namba hizo atabaki na vipande visivyo na kazi, na mteja ndiye atakayevilipia.

Kona, nivo na nyufa

Kifaa cha pili ni nivo, ile yenye kitone cha hewa ndani ya maji. Goma inahitaji nivo kuliko miji mingi. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyumba za mbao zilizopandishwa juu ya lava ya mwaka 2002 mara nyingi zina chini isiyo sawa, na kona zake haziko mraba.

Kwa kona, mita peke yake inatosha. Unaweka alama kwenye sentimita 60 upande mmoja na sentimita 80 upande wa pili, halafu unapima kati ya alama hizo mbili. Ikitoka sentimita 100 kamili, kona iko mraba. Isipotoka, kabati la kona litakataa kuingia, au litaacha pengo ambalo panya watalishukuru.

Kreyo nayo ina kazi ambayo wengi hawaijui. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ya siku nyingi ilipasua kuta mjini. Mbele ya ufa, mpambaji mwaminifu haharakishi kuufunika kwa karatasi ya ukuta au mbao za mapambo. Anaweka alama kwenye ncha za ufa, anaandika tarehe, halafu anarudi baada ya majuma kadhaa. Ufa ukipita alama, kazi si ya rangi tena, ni ya injinia. Kuuficha ni kupamba hatari.

Tesa, tochi na barakoa

Turnevisi ya kupima umeme, ambayo mafundi wengi huiita tesa, ni ndogo kama biki. Kabla ya kushika waya ulio wazi, inaonyesha kama una umeme. Katika nyumba za mbao, ambamo moto unaruka haraka kutoka jirani mpaka jirani, mpambaji huangalia pia waya zinapopita nyuma ya plafo, na hakubali rido iguse taa inayochoma.

Tochi inasaidia umeme unapokatika na katika kona za giza. Barakoa na viatu vilivyofunikwa humlinda mwenye kazi na vumbi, misumari na vipande vya karo.

Vipande vya rangi

Rangi kwenye telefoni inadanganya, sababu kila kioo kina mwanga wake. Hivyo sakoshi nzuri ina vipande vya vitambaa, mbao na rangi. Vinawekwa ukutani mchana karibu na dirisha, halafu usiku chini ya taa yenyewe ya nyumba. Rangi nyeupe ya asubuhi inaweza kuwa ya manjano saa moja ya jioni.

Kuhusu kiasi, litre moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kuta za mita za mraba 48 zinazopakwa mara mbili zinaomba karibu litre 10. Ukuta mkavu usio laini unakunywa zaidi.

Kabla ya kutoa pesa

Mwenye nyumba anaweza kumpima mpambaji bila kusoma kazi hiyo. Je, amepima mwenyewe kila chumba, au amekubali namba alizoambiwa? Ameandika vipimo na bei katika devi ambayo kila mmoja anabaki na nakala yake? Amepiga picha za nyumba kabla kazi haijaanza? Analeta faktira za duka?

Anayejibu bei palepale kwenye WhatsApp, bila kukanyaga chumba, anakisia. Na anayelipia kukisia kwake ni mwenye nyumba.