Hesabu za Mashine ya Sloti (2): Gurudumu Lisiloonekana

Wiki iliyopita tuliona kwamba mashine ya sloti haina kumbukumbu: mzunguko wa sasa haujui kama uliotangulia ulilipa au ulikula. Leo tumfuate mbunifu mezani kwake, kabla taa na muziki havijawekwa.

Kazi yake ina sehemu mbili, yaani orodha ya picha za kila gurudumu na jedwali la malipo. Tuanze na mashine ya muundo wa kale, kama Liberty Bell ambayo fundi Charles Fey aliitengeneza San Francisco mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuwa na magurudumu 3 yenye picha 10 kila moja, kwa hiyo mipangilio yote ni 10 × 10 × 10, sawa na 1,000. Picha na malipo nitavipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi.

Tuseme kila gurudumu lina kengele 1, nyota 2, limau 3 na ndizi 4. Kengele 3 hukutana kwa njia 1 tu, nyota kwa njia 8, limau 27, ndizi 64. Jumla ni njia 100 za kushinda kati ya 1,000. Sasa malipo: kengele zinalipa dau mara 200, nyota mara 30, limau mara 10, ndizi mara 3. Zidisha kila malipo kwa njia zake, ujumlishe: 200 + 240 + 270 + 192 = 902. Katika kila madau 1,000, kwa wastani 902 hurudi kwa wachezaji na 98 hubaki kwa mwenye mashine. Hiyo ndiyo asilimia 90.2 ya marejesho.

Wengi huisoma asilimia hiyo vibaya. Hudhani aliyeingia na shilingi 10,000 atatoka na 9,020. Kwa wastani ingekuwa hivyo kama angezicheza mara moja tu akaondoka. Lakini mchezaji hurudisha ushindi mashinani, na kila raundi hukatwa upya. Akizungusha fedha zote anazobaki nazo raundi 10, wastani wa atakachobaki nacho ni shilingi 3,565 hivi. Ndiyo maana mwenye mashine hujali sana kasi ya mchezo.

Sasa ondoa ndizi moja katika gurudumu la tatu, uweke picha isiyolipa chochote. Njia za ndizi zinashuka kutoka 64 hadi 48, na marejesho yanaanguka hadi asilimia 85.4. Picha moja kati ya 30! Mchezaji angeona wapi?

Au acha picha kama zilivyo, ubadili malipo: kengele 700, nyota 10, limau 2, ndizi 1. Jumla ni 898, karibu sawa na mwanzo, lakini mchezo ni mwingine kabisa. Ndizi sasa zinakurudishia dau lako tu, na karibu kila kitu kinaningʼinia kwenye mpangilio mmoja kati ya 1,000. Wastani hautofautishi mashine hizi mbili. Mtawanyiko wa malipo ndio unaozitofautisha, na nionavyo mimi ufundi hasa wa mbunifu uko hapo.

Mashine ya Fey ilikuwa na jambo moja la haki: mwenye subira angeweza kuhesabu picha na kuujua uwezekano wake. Lakini ilimfunga pia mbunifu. Hata magurudumu 3 yenye vituo 22 kila moja yanatoa mipangilio 10,648 tu, kwa hiyo zawadi kuu ya mara 100,000 ingemfilisi mwenye mashine.

Kizuizi hicho kiliondolewa na Inge Telnaes, mhandisi mzaliwa wa Norway, aliyepata hataza Marekani mwaka 1984. Katika mfumo wake kompyuta huchagua namba kwa nasibu kutoka orodha ndefu, tuseme namba 64 kwa kila gurudumu, kisha kila namba huelekezwa kwenye kimojawapo cha vituo 22. Mipangilio inakuwa 262,144. Kengele inaweza kupewa namba 1 tu, huku kituo kitupu kilicho juu yake na kilicho chini yake kila kimoja kikipewa 5. Katika gurudumu la kweli, kengele ingekosa mstari kwa kituo kimoja mara 2 kwa kila mara 1 inapoupata. Hapa inakosa mara 10. Jicho linaona “imebaki kidogo tu”, na jicho limedanganywa ingawa namba zenyewe ni za nasibu kweli.

Karatasi zenye hesabu hizi, ambazo wenye kazi huziita PAR, ni siri ya biashara. Kevin Harrigan wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walizipata kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa. Zilionyesha kwamba mchezo mmoja, wenye jina, picha na muziki uleule, hutolewa katika matoleo yenye asilimia tofauti za marejesho. Aliyekaa mbele ya kioo hawezi kujua amekalia toleo lipi.